Dawa ya Unene Haimo Katika Kopo

Siku hizi katika miji yetu ni vigumu kupita stendi ya mabasi au sokoni bila kukutana na mtu anayeuza dawa ya kupunguza unene. Huyu anauza unga wa kijani uliotiwa katika kopo, yule anauza majani ya chai, mwingine ana vidonge. Bei zao hutofautiana, lakini neno lao ni moja: "Hii ni mimea tu, haina kemikali." Katika mazungumzo ya juma hili ningependa tulipime neno hilo, kwa sababu wapo wanaolilipia kwa fedha za chakula cha watoto, na wapo wanaolilipia kwa afya zao.

Kwanza, tukubali kwamba tatizo lenyewe lipo. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 22 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulipofanyika, idadi hiyo ilikuwa imefika 28. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya ukubwa na neema. Leo tunajua kwamba unene wa kupindukia huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta njia ya kupunguza mwili hafanyi jambo la kuchekwa. Swali ni kwamba, je, anaitafuta mahali inapopatikana?

Pili, si kweli kwamba mmea hauna kemikali. Kila mmea ni kiwanda. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Ukakasi wa chai unatokana na katekini, na kinachotuondolea usingizi tunapokunywa kahawa ni kafeini. Wataalamu wamepima na kuona kwamba kapsaisini na kafeini huufanya mwili uunguze nishati zaidi kidogo. Hilo ni kweli, na ndilo muuzaji analolishika. Lakini neno "kidogo" halitaji. Kiasi hicho kinafutwa na andazi moja.

Tuchukue mfano wa hapa hapa barani Afrika. Katika jangwa la Kalahari kuna mmea wenye miiba uitwao hudia. Wawindaji wa kabila la Wasan waliutafuna tangu zamani ili kuvumilia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ilichukua hataza ya kemikali zilizomo ndani yake, na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yakaingia kwa tamaa ya kutengeneza dawa ya unene. Wasan wenyewe hawakuulizwa. Ni mwaka 2003 tu, baada ya malalamiko, walipotiliana mkataba na taasisi hiyo ili nao wapate gawio la mapato.

Matokeo yake yalikuwa nini? Kampuni ya Pfizer ilijitoa mwaka 2003. Unilever nayo ikaacha mwaka 2008. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2011 yalihusu wanawake 49 wenye uzito uliozidi, ambao kwa siku 15 baadhi yao walipewa hudia na wengine kitu kisicho na dawa. Waliopewa hudia hawakula pungufu kuliko wenzao, wala hawakupungua zaidi. Walichopata ni kichefuchefu, kupanda kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Mmea uliomfaa mwindaji mwenye njaa jangwani haukumfaa mtu aliyekaa mezani mbele ya sahani iliyojaa.

Hadithi hiyo si ya peke yake. Tunda liitwalo garsinia, ambalo watu wa kusini mwa India hulitia katika mchuzi, lilijaribiwa Marekani kwa watu 135 kwa majuma 12, na matokeo yakatolewa mwaka 1998: halikushinda dawa bandia. Mmea wa efedra, uliotumika China kwa karne nyingi kutibu matatizo ya kupumua, ulifanywa vidonge vya kupunguza mwili. Vilisababisha maradhi ya moyo na vifo, na mwaka 2004 serikali ya Marekani ikavipiga marufuku. Hata chai ya kijani, ambayo ukiinywa kikombeni haina neno, ikikamuliwa na kushindiliwa katika vidonge inaweza kulidhuru ini. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walitoa tahadhari hiyo mwaka 2018.

Je, tuseme basi kwamba mimea haina msaada wowote dhidi ya unene? La hasha! Msaada upo, na ni mkubwa. Ila umo katika ile sehemu ya mmea ambayo hakuna anayeitangaza, kwa kuwa haina harufu, haina rangi ya kuvutia, na mara nyingi tunaitupia kuku. Nayo ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda.

Madaktari wawili waliofanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt na Hugh Trowell, walikuwa miongoni mwa walioieleza dunia jambo hili. Waliona kwamba maradhi yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa adimu kwa wakulima wa Uganda waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya madhara ya vyakula vilivyoondolewa makapi yake.

Kazi ya makapimlo ni rahisi kuielewa. Chakula chenye nyuzinyuzi hutafunwa kwa muda mrefu. Kikifika tumboni hunyonya maji na kujaza nafasi, na sukari yake huingia katika damu polepole. Kikifika katika utumbo mpana, vijidudu vinavyoishi humo huzichachusha nyuzinyuzi hizo na kutoa aina za asidi zinazousaidia mwili kujitambua kwamba umeshiba. Mtu huacha kula mapema bila kujilazimisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu zisizopungua 10. Kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu moja. Hapo msikilizaji anaweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Kwa bahati mbaya, tunakimbia kile tulichokuwa nacho. Dona tunaiita chakula cha shida, sembe nyeupe ndiyo ya heshima. Kisamvu, mnafu na mlenda tunawaachia wazee, sisi tunanunua chipsi na soda. Kisha unene ukitufika, tunakwenda kununua mmea ndani ya kopo kwa bei ya debe la maharage.

Lakini tusidanganyane upande huu pia. Dona ikiliwa mlima kwa mlima itanenepesha, na mchicha uliooga mafuta si mboga tena. Mahindi ya dona nayo sharti yakaushwe vizuri na kuchambuliwa, yasiwe na ukungu wenye sumu. Na mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa za hospitali kwa ajili ya unga wowote.

Ndugu wasikilizaji, mimea ni rafiki yetu, lakini urafiki wake uko shambani, sokoni na jikoni. Anayekuuzia kopo muulize jambo moja: limepimwa kwa nani, na matokeo yalikuwaje? Akishindwa kujibu, fungeni kibindo, mpite mkanunue maharage.