Somo la Redio: Kuiamrisha Diski ya Kompyuta

Leo tutazungumza juu ya diski ya sahani katika kompyuta inayotumia Linux.

Ndani ya diski hiyo mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea. Diski nyingine hutoka kiwandani zimeamriwa kuweka akiba ya umeme. Zikikosa kazi kidogo tu, kichwa huegeshwa pembeni, au sahani husimama. Ukifungua faili, hapana budi kungoja sekunde kadhaa. Tena kule kuegesha na kurudi, maelfu kwa maelfu, huichakaza diski. Nayo ikifa, hesabu za chama na barua zenu zimekufa pamoja nayo.

Dawa yake ni programu iitwayo hdparm. Ukiwa na madaraka ya msimamizi wa kompyuta, andika:

hdparm -B /dev/sda

Neno sda ni jina la diski; yako yaweza kuwa na jina jingine. Diski ikikubali amri hii, itajibu kwa namba. Namba 1 mpaka 127 huruhusu sahani kusimama. 128 mpaka 254 haziruhusu. Ukitaka wepesi kuliko akiba ya umeme, andika:

hdparm -B 254 /dev/sda

Lakini ukizima kompyuta, diski nyingi huisahau amri hiyo. Ndiyo sababu katika Debian liko faili /etc/hdparm.conf, linalosomwa kompyuta inapowaka. Humo twaandika:

/dev/sda {
    apm = 254
}

Sasa shikeni neno kubwa la leo. Amri mbaya ya mkono yaweza kusahauliwa kesho. Amri iliyoandikwa katika faili hurudi kila asubuhi, njema au mbaya. Basi kwanza fanyeni nakala ya maandishi yenu mahali pengine. Pili, jaribuni kwa mkono, badiliko moja tu kwa wakati mmoja. Tatu, itazameni kazi na joto la diski kwa siku chache. Ndipo muandike katika faili. Wala msijaribu amri msiyoielewa: maelezo ya hdparm yenyewe yametia onyo la hatari penye amri kadhaa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini twaandika amri katika faili?
2. Kwa nini twajaribu kwanza kwa mkono?

Kwaherini, wasikilizaji.