Mbolea Iende Shambani, Isiende Kisimani

Maneno ya kamati kwenye harambee ya mwaka

 

Kila mwaka tukisimama hapa huwa tunaomba fedha za mbolea. Safari hii tunaomba na za kupima maji, na tunataka mjue kwa nini.

Mwaka wa kwanza tulipochangishana, tulichojali ni lori lifike. Likafika wakati wa kupanda. Nyumbani watu wakamwaga urea yote siku moja, juu ya udongo, kabla mahindi hayajaota. Mvua ikanyesha wiki nzima. Mahindi yalipofika magotini yalikuwa ya njano. Kosa lilikuwa letu sisi kamati: tulituma mifuko, hatukutuma maelekezo.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani. Ikifukiwa, hugeuka kwanza kuwa amoniamu, ambayo udongo huishika vizuri. Baadaye vijidudu vya udongo huigeuza kuwa nitrati. Mizizi huipenda nitrati, ila udongo hauwezi kuishika: mvua kubwa huiteremsha chini ya mizizi, na huko chini ndiko yaliko maji ya visima vyetu.

Nitrati ikizidi majini haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, kwa sababu damu yao hushindwa kubeba hewa safi, hata ngozi ikabadilika rangi kuwa ya bluu. Tena si mbolea peke yake. Choo cha shimo na zizi vilivyo karibu na kisima huleta nitrati ileile. Visima vyetu havijawahi kupimwa hata mara moja.

Ndugu zetu, jambo hili si geni kwetu. Tumekulia kwenye ngoro. Majani hufyekwa, hupangwa miraba miraba mlimani, na mama zetu huyafukia kwa udongo na kupanda maharage, kisha msimu unaofuata hufuata mahindi. Majani yakioza hutoa nitrojeni polepole, maharage huongeza nyingine kutoka hewani, na mashimo huzuia maji yasiporomoke na udongo. Wazee walisisitiza pia kupanda mapema, na walikuwa na hoja. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyotoa nitrojeni nyingi unapolowa tena. Anayechelewa kupanda huiachia mvua iichukue.

Kwa hiyo hatusemi mbolea iachwe. Tunasema itumike kwa kipimo: kisoda kwa kila shina, pembeni mwa mmea, ifukiwe, na ya kukuzia igawanywe mara mbili mahindi yakiwa yameshaota.

Mwaka huu michango yenu itafanya mambo matatu. Kwanza, kupima maji ya kila kisima cha jumuiya na kuwasomea wananchi majibu mkutanoni, yawe mazuri au mabaya. Pili, kumlipia nauli na posho bwana shamba afike kila kitongoji kabla mbolea haijagawiwa. Tatu, kujengea na kufunika visima, na kusaidia kuhamisha vyoo vilivyo karibu navyo.

Mfuko mmoja ukimwagwa vibaya, tumelipa mara mbili: shambani na kisimani. Na wanaokunywa maji hayo ni wazazi wetu na watoto wa ndugu zetu.

Karibuni mezani kwa mweka hazina. Kidogo chako, changu na cha yule kikikusanywa, kitafika nyumbani.