Sombe isiishie sokoni



Tangu turudi Fizi kutoka kambi za Tanzania, tunalima muhogo, na jioni fufu haikosi. Inashibisha, ndiyo. Lakini unga wa muhogo uko nguvu tu: gramu 100 zina protini gramu 1 ao 2. Gramu 100 za sombe mbichi zina karibu 7, pamoja na madini ya chuma na vitamini A ya macho.

Na sisi tunafanya nini? Sombe yote tunauza, tununue unga. Batoto wanakula fufu na chumvi, tumbo linajaa, kisha miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu. Haiko uchawi, ni bwaki.

Basi bamama na bababa, kabla ya kuuza tubakize fungu la nyumbani. Tuitwange vizuri, tuipike muda mrefu, sufuria wazi, sumu itoke. Tutie mawese, ndagala zikipatikana, vizuri zaidi.

Wafadhili, miti ya muhogo mliyotupatia inalisha mara mbili: chini mizizi, juu majani.