Mumuulize Juu ya Kikohozi
(Maongezi kwa wauguzi wanaopokea wagonjwa wa haraka)

Ndugu zangu wauguzi, ninyi munaopokea wagonjwa wa haraka muchana na usiku, leo tuongee juu ya kifua kikuu. Ugonjwa huu haungojei siku ya kliniki. Unaingia kwa mulango wenu, na mara nyingi unajificha nyuma ya ugonjwa mwingine.

Mufikiri hivi. Mutu analetwa usiku na homa kali. Munapima damu, munakuta malaria. Munamupa dawa, na asubuhi anarudi kwao. Lakini anakohoa tangu mwezi muzima, na hakuna aliyemuuliza. Malaria inapona, kikohozi kinabaki. Analala chumba kimoja na watoto, na akikohoa vijidudu vinaenea katika hewa. Akirudi kwenu kisha miezi miwili, amekonda sana, na pengine mutoto naye amepata.

Basi kila mugonjwa, hata akija kwa malaria, sukari ao muguu uliovunjika, mumuulize maneno mane:

1. Unakohoa? Tangu lini? (Majuma mawili na zaidi ni alama kubwa.)
2. Homa inakushika mara kwa mara?
3. Unatoka jasho usiku mpaka nguo zinalowa?
4. Umekonda?

Akitema damu, musikawie. Na kwa mutu mwenye virusi vya ukimwi, moja tu ya alama hizi inatosha, hata kikohozi cha siku mbili.

Mukimuzania, mumupe barakoa. Mumuketishe mbali na wengine, pahali penye upepo, na madirisha yafunguliwe. Kisha mutume makohozi kwa laboratwari: yatoke ndani ya kifua, si mate. Mashini ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Pasipo mashini, mutumie mikroskopi. Lakini musimupe siprofloksasini ya kujaribu tu: inaweza kupoza ugonjwa kwa muda na kuficha vijidudu.

Musimupatishe haya mbele ya watu. Wengine watasema ni ulozi. Muwaambie kwamba tangu mwaka 1882 munganga Robert Koch alionyesha kijidudu chenyewe. Muwaambie tena kwamba kinapona: dawa za kawaida ni za miezi 6, na katika Kongo zinatolewa bure.

Asitoke kwenu mbele ya kujua atapata jibu lake wapi na siku gani. Ulizo moja tu kwa mulango linaweza kulinda nyumba nzima.