Waliokwenda na Karoti Wakarudi na Sikinde



Mwanamuziki wa dansi King Kikii alipofariki Novemba 2024, redio zilifanya kama zifanyavyo siku zote. Zikapiga wimbo wake "Kitambaa Cheupe" asubuhi, zikaupiga mchana, usiku zikaupiga tena. Zikatukumbusha kwamba jina lake ni Kikumbi Mwanza Mpango, kwamba kwao ni Kongo, kwamba alipita Maquis du Zaire na Orchestra Safari Sound, na kwamba uzeeni aliongoza Wazee Sugu wake. Baada ya siku chache matangazo ya sabuni yakarudi mahali pake.

Sina ugomvi na yaliyosomwa. Ila yote yalimhusu marehemu peke yake, wakati huku kwetu Usambara, stendi ya Lushoto na kwenye vibanda vya chai pale Soni, wazee walikuwa na habari nyingine kabisa. Walisimulia dansi walilocheza wao. Nani alilipa kiingilio, nani alichafua leso yake nyeupe kabla "Kitambaa Cheupe" haujapigwa, nani aliingia na mchumba akatoka peke yake. Hayo hayamo kwenye kanda yoyote, na hao wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Najua kuna atakayeuliza: mtu wa Usambara aliwaona wapi wanamuziki hawa wa Dar es Salaam? Jibu lake ni gari la mboga. Karoti, kabichi na hoho za Lukozi na Mlalo zinapakiwa mchana, gari linashuka zile kona za Soni hadi Mombo, usiku kucha liko barabarani, alfajiri liko sokoni. Mzigo unauzwa na dalali, na pesa ya dalali haikuwahi kuwa na haraka. Mwenye mzigo anasubiri. Ikitokea anasubiria Kariakoo, na siku yenyewe ni Jumapili, basi ukumbi wa DDC ulikuwa hatua chache tu, na ndani ilikuwamo bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Mnafikiri angefanya nini? Walikwenda na karoti wakarudi na Sikinde. Nyumbani walieleza kwamba bei ilianguka. Madalali wamesingiziwa mengi katika nchi hii, na hili nalo ni lao.

Wengine hawakuhitaji kufika mbali hivyo. Tanga mjini kulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ushabiki wa bendi hizo ulikuwa kama wa mpira. Jamhuri ndiko walikoanzia ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, mwaka 1966, kabla ya kwenda Arusha, kisha Kenya, walikoanzisha Simba Wanyika. George alifariki 1992, Wilson 1995. Leo ukiwataja, Wakenya watakwambia ni wanamuziki wao, na kwa kweli walikaa nao zaidi. Lakini aliyecheza muziki wao Tanga wakiwa vijana, huyo hadanganyiki. Tanga hiyohiyo ndiko Bi Shakila wa Pangani, aliyetutoka Agosti 2016, alikoimba na Black Star na Lucky Star, bendi zilizoingiza magitaa kwenye taarab. Waulizeni mama zenu harusi zao zilipambwa na sauti ya nani.

Waliobaki, na ndio wengi, ukumbi wao ulikuwa redio. Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi hizi kwenye studio zake, na ndiyo iliyotuletea. Betri zikichoka zilianikwa juani, na Magamba jua lenyewe ni la kubahatisha, basi ziliwekwa karibu na jiko. Wapo waliomjua mwimbaji Muhidin Gurumo kwa sauti tangu enzi za NUTA Jazz, miaka mingi kabla ya kuiona sura yake.

Halafu kuna jambo ambalo misiba ya wanamuziki inaliibua, nami hulifurahia, Mungu anisamehe. Milima yetu ni ya misikiti na makanisa. Dansi lilihesabiwa uhuni. Lakini atangazwe amekufa mwanamuziki fulani, utamsikia mzee wa kanisa, au mzee aliyeketi safu ya kwanza msikitini, anasahihisha: "Hapana, ubeti wa pili hauimbwi hivyo." Kaujulia wapi? Mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala mwenyewe, aliyefariki Desemba 2010, alimalizia safari yake kwenye nyimbo za Injili, kwa hiyo tusiwabane sana.

Vijana nao wana misiba yao. Mwanamuziki Ngwea alipofia Afrika Kusini Mei 2013 akazikwa Morogoro, waliokuwa na umri wa miaka ishirini walilia kwelikweli. Tatizo la kwao ni kwamba kumbukumbu za shoo waliziweka kwenye simu, na simu zile ziko wapi? Mzee wa Sikinde bado anazo zake kichwani.

Ombi langu kwa sisi wenye maikrofoni, basi. Akifariki mwanamuziki mwingine, tusikimbilie kusoma wasifu tu. Tumpe nafasi mtu aliyekuwapo ukumbini. Na tumuulize nani alikuwa kwenye solo, nani kwenye besi, nani alipuliza saksafoni, kwa sababu sisi humtaja mwimbaji tukadhani tumeitaja bendi. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 walikuwamo akina Michael Enoch, Abel Balthazar na Joseph Mulenga. Ni mara ngapi umeyasikia majina hayo redioni?

Mashahidi hao watakosea, naam. Wiki hii wazee wawili wamebishana mbele yangu, wote wakiapa kwamba walimwona Gurumo akiimba na Sikinde pale DDC, mmoja akisema mwaka 1983, mwingine 1986. Wazee wangu, Gurumo alihamia Safari Sound mwaka 1985, na Safari Sound maskani yake yalikuwa Kimara. Kwa hiyo mmoja wenu alikuwa Kimara, na sokoni Kariakoo mzigo wake ulibaki na nani, hilo akamweleze mkewe.