Neno « vile iko » haifuniki uongo



Miye nilimaliza chuo kikuu, diploma iko, kazi hapana. Wengi wenu tunafanana. Kwa hiyo leo sitawaletea mambo ya mbali. Nitaongea juu ya gari ya yaya yangu.

Mwaka jana, hapa Butembo, familia iliuza shamba la kahawa ili yaya apate gari ya taksi. Komisioneri akatuonyesha moja: rangi inang'aa, usukani wa kuume, imetoka Japani, ikapitia Mombasa mpaka Kasindi. Saa ya kilometa ilionyesha 78.000. Muuzaji mwenyewe akaapa: « Hii moteri haiyafunguliwa hata siku moja. » Tukalipa dola 5.200. Karatasi aliyotupatia ilikuwa na mistari mitatu. Wa mwisho ulisema: gari imeuzwa vile iko.

Kisha wiki tatu, moshi wa buluu. Fundi akafungua moteri, akakuta ilishafunguliwa zamani na kufungwa tena na gundi. Tukatafuta karatasi ya kule Japani ya kutoa gari inje ya nchi: kilometa 163.000. Tukarudi kwa muuzaji. Akacheka: « Si mulisaini vile iko? »

Tukanyamaza. Hapo njo tulikosea.

Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, lakini ingali inafanya kazi. Inasema muuzaji anajibu juu ya ubovu uliofichwa, ule tribinali inaita kwa Kifaransa vice caché. Anajibu hata kama yeye mwenyewe hakuujua. Ubovu wa kuonekana kwa macho, kama kioo kilichopasuka, huo ni juu yako wewe munuuzi.

Na neno « vile iko »? Linaweza kumukinga muuzaji asiyejua. Mwenye kujua na kuficha, halimukingi. Ukishinda, unachagua: kurudisha gari na kupata pesa yako yote, ao kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama alijua, analipa pia hasara aliyokuletea. Tena, kama uongo wake njo ulikufanya ukubali kununua, unaweza kuomba mapatano yenyewe yavunjwe.

Lakini sikilizeni muzuri: uongo haufikiriwi tu, unaonyeshwa. Na sheria inataka ushitaki kwa muda mufupi. Sisi tulikaa miezi munane tukisema « Mungu atamulipa ». Leo njia yetu imekuwa nyembamba, na yaya anaendesha moto ya mutu mwingine, anapeleka versement kila jioni.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa hata dola moja:

Uliza karatasi ya Japani. Mara nyingi inaandika kilometa. Linganisha na saa ya gari.

Soma namba ya chassis kwenye chuma chenyewe, kisha kwenye karatasi zote. Herufi moja ikipotea, simama.

Leta fundi wako, si fundi wa komisioneri.

Kila kitu muuzaji anachosema kwa kinywa, kiandikwe: kilometa, hali ya moteri, jina lake, tarehe. Mashahidi wawili wasaini. Akikataa kuandika anachoapa, amekwisha kukujibu.

Ubovu ukitokea, usitengeneze kwanza. Piga picha, fundi aandike alichoona, umupelekee muuzaji barua wiki ileile.

Na kwa viongozi wetu tunasema hivi: magari yanauzwa barabarani mchana, mbele ya macho yenu, na kodi munakusanya. Basi mulazimishe kila gari ya kuuzwa iwe na karatasi kwenye kioo: bei, kilometa, namba ya chassis, jina la mwenye kuuza. Iandikwe kwa Kiswahili, mama anayeuza shamba lake asome mwenyewe.

Wakamaradi, mutu akikuibia usiku unapiga kelele. Akikuibia mchana na karatasi mukononi, unaona haya. Haya si yako. Ongea, andika, shitaki mapema.