Kulipima Ziwa Rukwa Kuanzie Mitoni

Machi na Aprili 2015, watafiti walisafiri kwa mashua pwani yote ya Tanzania, toka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji, wakiburuta vinasa sauti chini ya maji. Walinasa milipuko 318 ya uvuvi wa baruti, zaidi ya nusu ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Kwamba baruti hupigwa lilijulikana zamani; kipimo kile kilionyesha wapi. Mkoa wetu wa Songwe hauna bahari, ila una Ziwa Rukwa, na hoja yangu mbele ya semina hii ni kwamba tulipime kuanzia pale madhara yanapozaliwa, yaani mitoni. Kuhesabu samaki mialoni peke yake hakutoshi.

Rukwa ni ziwa la kina kifupi na halina mto unaotoka. Momba, Lupa na Songwe (ule wa huku, si wa mpakani na Malawi) huingia humo, kisha maji hupotea kwa mvuke na tope hubaki. Zebaki nayo hubaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, halafu huichoma. Sehemu hupanda hewani, nyingine hukaa kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, mpaka mvua iyasombe. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa aina inayojenga makao katika nyama ya samaki, na kambale mkubwa alaye samaki wenzake hubeba nyingi kuliko wote. Kwa macho hana dosari yoyote. Karani wa mwaloni atampima na kumwandika kuwa mavuno mazuri, na hapo ndipo takwimu zetu zinaponitia hofu.

Wapo wanaosema Rukwa hupanda na kushuka lenyewe, na kwamba katika karne ya 19 lilipungua sana bila mkono wa mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima mfululizo: bila kumbukumbu ndefu hatutatenganisha kazi ya ukame na ya mkono wa mtu. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 hutolewa bure. Zinaonyesha tope linavyoenea kwenye midomo ya mito, ingawa zebaki haziioni. Gharama? Kupima tope majini kwa kushusha sahani nyeupe kwa kamba na kusoma kina inapotoweka ni kazi ambayo kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kinaiweza. Fedha zielekezwe kwenye sampuli chache za tope na samaki, zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na anayehofu kuwa wachimbaji wataonewa ajue kwamba kipimo kikichukuliwa juu na chini ya machimbo humsafisha asiye na kosa. Leo lawama humwangukia kila mtu, mkulima wa kandokando akiwemo. Tuanze na vituo viwili kwa kila mto, sampuli ya kwanza Oktoba kabla ya mvua, ya pili Januari mito ikiwa imejaa.